Mafundisho ya Jinsia Masomoni: Tuulize Kwanza, Tusigombane



Leo tuseme juu ya neno linaloleta kelele katika vikao vya wazazi: jinsia. Mzazi anasikia kwamba mwalimu anafundisha jinsia, anaogopa: “Wanataka kuharibu desturi zetu.” Mwingine anamtoa binti yake masomoni. Woga huu si wetu peke yetu. Kule Uganda, mwaka 2016, serikali ilikataza mafundisho ya namna hiyo mashuleni. Mwaka 2018 ilipotoa mwongozo mpya, wakubwa wengi wa dini waliupinga.

Sheria yetu inasema nini? Tufungue Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kipengele cha 45. Kila mtu ana ruhusa ya kuingia masomo ya taifa, bila kubaguliwa kwa ajili ya mahali alikotoka, dini yake, ao kuwa mwanamume ao mwanamke.

Umesikia, ndugu? Wewe uliyefika hapa kutoka Pweto ao Mitwaba, kipengele kinachomlinda mtoto wako asiambiwe “rudi kwenu” ndicho kinachomlinda binti yako asiambiwe “kaa jikoni”. Ukikipasua upande mmoja, chote kimepasuka.

Je, mzazi hana neno? Analo. Kipengele cha 43 kinampa haki ya kuchagua namna watoto wake watakavyofundishwa. Lakini kipengele hichohicho kinasema masomo ya msingi ni ya lazima, tena ya bure katika masomo ya serikali. Basi, haki ya kuuliza unayo. Haki ya kumfungia binti nyumbani huna. Wala kumwoza: sheria ya mwaka 2009 ya kulinda watoto inakataza ndoa ya aliye chini ya miaka 18.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, fungua kaye ya mtoto, usome mwenyewe kilichoandikwa. Usiamini uvumi wa sokoni. Pili, peleka ulizo lako kwa direktere, pamoja na kamati ya wazazi. Tatu, ninyi wakubwa wa mitaa, ketisheni pande zote mbili mapema, kabla mabishano hayajawa ugomvi wa kabila na kabila.

Mazungumzo ya watu wazima yanaweza kuchukua miezi. Binti na aendelee kukaa kwenye kibao chake. Mwaka wa masomo haumngojei.

Mubaki na amani.