Eko ikizidi kwenye spika, maneno humezwa

Msibani au harusini, spika zinavuma lakini walioketi nyuma hawaambulii neno. Mara nyingi sababu ni eko iliyozidi kwenye mikisa.

Eko ni mwangwi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukiita mita 34 kutoka mwamba mkubwa wa kwetu Nyamagana, jibu hurudi baada ya sekunde 0.2. Mikisa huiga mwamba: hushika sauti, kisha huirudisha.

Eko ina faida. Theremini, ala ya umeme ya Mrusi Leon Theremin ya mwaka 1920, hupigwa bila kuguswa. Sauti yake ni kavu, eko huinenepesha. Lakini eko ikiwa ndefu, noti iliyopita hugongana na inayofuata. Ndivyo yanavyogongana maneno ya tangazo la mazishi.

Tunashauri: waachieni kwaya eko, msemaji akishika maiki, izimeni.