Milima Inayobisha Hodi

Msafiri anayeingia Hifadhi ya Shaba, katika Kaunti ya Isiolo, hukuta mawe meusi yenye makali yaliyotapakaa uwandani. Ni lava iliyoganda, kumbukumbu ya volkeno za safu ya Nyambene. Leo pametulia, lakini kwingineko Afrika Mashariki moto ungali hai.

Kabla ya volkeno kulipuka, aghalabu ardhi hutoa habari. Mwamba ulioyeyuka, yaani magma, hupanda kwa kujipenyeza kwenye nyufa. Mwamba mgumu ukipasuka, hutokea matetemeko madogo madogo, mengi yasiyohisiwa na mtu ila mitambo. Magma na gesi zikipita, mitambo hunasa mtetemo wa mfululizo, kama ngoma isiyokoma. Vitovu vya matetemeko vikisogea karibu na uso wa ardhi, wataalamu huingiwa na wasiwasi.

Julai 2007, matetemeko yalifuatana karibu na Mlima Gelai, kaskazini mwa Tanzania. La tarehe 17, lenye ukubwa wa 5.9, lilihisiwa hadi Nairobi. Septemba, jirani yake Ol Doinyo Lengai ukalipuka na kurusha majivu angani.

Si kila mlima hubisha hodi mapema.

Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, ulipasuka baada ya mitambo kuonyesha dalili kwa takriban dakika 40 tu. Matetemeko makubwa yalikuja baadaye, na tarehe 27 wakazi wa sehemu kubwa ya mji jirani wa Goma wakaamriwa wahame.

Ndiyo maana wanasayansi hawategemei mitetemo pekee. Hupima pia gesi zinazotoka kwenye kreta, na kwa setilaiti hufuatilia ardhi inavyofura.