Wosia: Andika Ungali Hai na Timamu

Wananchi wengi huahirisha kuandika wosia kwa kuhofia kujitabiria kifo. Matokeo yake, wajane na yatima hubaki wakigombea shamba kwa kutegemea kumbukumbu za kauli za marehemu.

Kwa wanaofuata sheria za kimila, tangazo la mwaka 1963 linaeleza masharti ya wosia wa maandishi. Uandikwe kwa wino, si kwa penseli. Uwe na tarehe, na mwenye wosia awe na akili timamu. Anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua anahitaji wanne, naye huweka alama ya dole gumba. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Kauli ya mdomo haifuti wosia wa maandishi. Anayebadili nia na aandike mwingine.

Muislamu anayefuata sheria ya dini yake huusia kisichozidi theluthi ya mali. Iliyobaki hugawanywa kwa mafungu ya warithi.

Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) huandika na kuhifadhi wosia. Usiwaachie wanao kazi ya kukisia ulichokusudia; jukumu hilo ni lako.