Faida ya Taka Inaanzia Jikoni

Katika kiwanda cha kuchambua taka cha Sunset Park, Brooklyn, kilichofunguliwa mwaka 2013, sehemu kubwa ya mzigo hufika kwa matishari: chupa za plastiki, vioo na makopo kutoka majumbani mwa New York, vyote vimechanganyika. Kibiashara swali ni moja tu: je, kuuchambua mzigo huo kutagharimu chini ya bei ya marobota yatakayotoka?

Mitambo yenyewe inastaajabisha. Kioo huvunjika mapema na kudondokea chini ya vichujio. Sumaku hunasa makopo ya chuma. Alumini haishikwi na sumaku, kwa hiyo mwishoni mwa mkanda huwekwa rota ya sumaku inayozunguka kwa kasi. Huzusha mkondo wa umeme ndani ya kopo, nalo likaruka mbele peke yake. Plastiki humulikwa kwa mwanga wa infraredi: mashine hutofautisha chupa ya maji na dumu la sabuni, kisha hewa ya kasi huipuliza kila moja kwenye njia yake.

Alumini ndiyo inayobeba hesabu. Kuiyeyusha upya huokoa takribani asilimia 95 ya nishati ya kuizalisha kutoka kwenye boksiti, hivyo haikosi mnunuzi. Kioo ni kizito, hukwangua mitambo na bei yake ni duni.

Hata hivyo mashine haisafishi kilichokwisha kuchafuliwa. Kwenye viwanda vingi vya Marekani, mifuko laini hujisokota kwenye mihimili hadi kazi isimame, wafanyakazi waingie kuikata kwa visu. Betri za lithiamu huwasha moto. Karatasi iliyolowa mchuzi au kujaa vipande vya kioo hushuka thamani. Mwaka 2018 China ilipokataa plastiki za majumbani na karatasi mchanganyiko, na kuwekea shehena nyingi nyingine kikomo cha uchafu cha asilimia 0.5, miji iliyozoea kuuza ikaanza kulipa ili mzigo wake uchukuliwe. New York hukusanya karatasi kando, na kwangu huo ni uamuzi wa busara kuliko mtambo wowote.

Somo hilo linahusu pia Dar es Salaam, ambako waokota chupa huchambua kwa mikono kabla ya kupima kilo kwa mnunuzi. Halmashauri inayowaza kununua mitambo ya mamilioni ianze na mapipa mawili ya kutenganisha taka kila nyumba, na iwape waokotaji hao mikataba na glavu.