Mgeni wa Kilombero na maji ya milimani

Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliingia katika nyumba na mashamba ya Ifakara. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikwisha kupoteza maisha nchini kutokana na mvua zile. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tuliobaki hai tunao wajibu wa kujiuliza tulichojifunza, na swali hilo linawahusu pia wale wanaoishi kwa kupokea wageni.

Kilombero ina neema kubwa kwa msafiri. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, haina barabara za magari ndani yake. Mgeni hupanda kwa miguu kutoka Mang'ula au Sanje, ambako maji huporomoka kiasi cha mita 170. Chini yake limetanda bonde lenye sheshe, viboko na ndege wa majini, ambalo mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya ardhioevu za Mkataba wa Ramsar.

Ndugu msomaji, vyote hivyo ni kazi ya maji, na maji hayo hayo ndiyo yenye hatari. Mvua kubwa ikinyesha milimani, Mto Lumemo hushuka kwa kasi kuelekea Ifakara, njia za miguu huteleza, na barabara au reli inaweza kukatika. Wa kwanza kukosa riziki ni kijana mwongoza wageni, mama anayewapikia, na mwenye nyumba ya kulala wageni. Hao hawana mshahara wa kungojea mwisho wa mwezi.

Wataalamu wa hali ya hewa duniani wanasema kwamba kadiri dunia inavyozidi kupata joto, ndivyo mvua kubwa zinavyozidi kuwa kali. Basi kujiandaa ni sehemu ya kazi. Eneo letu lina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake kabla haujaanza. Utabiri huo ufike kwa mwongoza wageni kama unavyofika kwa mkulima, na usomwe hata misikitini baada ya swala.

Mgeni anapouliza aje lini, aambiwe ukweli: miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo mikavu. Akija wakati wa mvua, ajue mapema njia ipi imefungwa, na mwenyeji wake ajue mahali pa juu pa kumpeleka maji yakijaa. Wenyeji wa kando ya mto nao waulizwe. Wandamba wamevua samaki na kulima mpunga katika bonde hili vizazi kwa vizazi, na wazee wao wanajua maji yalifika wapi zamani. Penye alama hiyo pasijengwe nyumba ya wageni.

Lipo pia la kulinda chanzo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anayefyeka ukingo kwa ajili ya magunia machache ya mahindi huufungulia mto mlango wa nyumba ya jirani yake.

Mwisho, familia inayotegemea wageni iweke akiba katika miezi mikavu na iwe na shughuli ya pili, iwe ni ufugaji wa kuku au ushonaji, ili mvua isigeuke kuwa njaa.

Dini yetu imetufundisha kumkirimu mgeni. Chakula na malazi ni sehemu ya ukarimu huo. Kumrudisha salama kwa watoto wake ni amana, na amana hiyo tutaulizwa.