Rekodi za Kilimanjaro, na Kihamba Kinachoishinda Setilaiti

Rekodi ya urefu kila mtoto wa shule anaijua: mita 5,895, hakuna mlima Afrika unaoifikia. Ya kusikitisha ni ya barafu. Mwaka 1912 barafu ya kileleni ilifunika zaidi ya kilomita za mraba 11. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya mbili.

Mabadiliko kama hayo huonekana pia kutoka angani, na kumbukumbu ndefu kuliko zote za nchi kavu kutoka huko ni ya Landsat, setilaiti za Marekani zilizoanza kurushwa Julai 1972. Tangu 2008 picha zake ni bure. Lakini nukta moja ya picha yake ni mita 30 kwa 30, hivyo kihamba kizima, yaani shamba la nyumbani la familia, cha huku Kirua Vunjo kwenye miteremko ya mlima huishia kuwa nukta chache tu. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza 2015, imeshusha kipimo hicho hadi mita 10.

Mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, mkukusu wa mita 81.5, uko kwenye bonde la mlima huu huu. Habari zake zilitangazwa 2016. Haukugunduliwa na setilaiti: mtafiti Andreas Hemp na wenzake waliufuata kwa miguu.

Na kigumu kuliko vyote kukiona kutoka juu, kwa maoni yangu, ni kihamba chenyewe. Juu kabisa kuna mringaringa na mfuruanje, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, kisha magimbi na maharage. Humo humo mna nyumba, zizi, makaburi ya wazee na mfongo, yaani mfereji, unaopeleka maji kwa jirani. Setilaiti huona kijani kitupu, na mchora ramani asiyefika huku anaweza kuandika "msitu".

Kosa hilo si dogo, kwa kuwa picha hizi husomwa kupima hata maisha ya watu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba kompyuta inaweza kukadiria umaskini kwa picha za angani katika nchi tano, Tanzania ikiwemo. Sasa zipo programu zinazonoa picha ya mita 10 ionekane kama ya mita moja. Kinachoongezwa hapo ni makisio ya programu iliyojifunza kwa picha za kwingine. Inaweza kuchora paa pasipo na nyumba, au kuifuta nyumba iliyofunikwa na migomba. Huku Kirua, vihamba vinakopakana na ukanda wa msitu wa Nusu Maili ulioingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro 2005, mstari ukikosewa unagusa kuni na majani ya ng'ombe ya watu.

Picha hizi tunazihitaji, hasa kwa moto, ukame na maji. Naiomba halmashauri jambo moja: kabla ramani yoyote haijawa msingi wa mradi wa kaboni au wa maji, ibandikwe kwenye mkutano wa kijiji, na wazee wanaosimamia mifongo wapewe kalamu waisahihishe.