Kuiamuru Simu kwa Maandishi
Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Shinyanga na Geita

Natumaini mmekwisha kaa, kila mmoja ana daftari na kalamu, na leo ana simu yake pia. Simu ndogo ya vibonye yatosha kabisa. Hiyo ndiyo nitakayoisema zaidi.

Watu wazima wanapokuja kujiandikisha katika kisomo huulizwa sababu, na sababu moja husikika mara nyingi: "Nataka kutuma pesa mwenyewe." Jibu hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Fikirini mchimbaji mdogo wa Rwamgasa. Amekwisha uza dhahabu yake, naye ataka kumpelekea mama yake sehemu ya fedha kule kijijini. Ikiwa hawezi kusoma, humpa kijana wa kibandani simu yake, na pamoja na simu humtajia namba yake ya siri. Huenda kijana yule ni mwaminifu. Lakini jasho la miezi mitatu shimoni limetiwa mkononi mwa mtu mwingine kwa sababu ya maneno kumi tu yaliyoandikwa kwenye kioo. Basi leo tuyasome maneno hayo, tena tuitengeneze simu itutii sisi wenyewe.

Kwanza tufahamu ni kazi gani tunayoifanya. Tukiandika nyota, mia moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli, yaani *150*00#, tunaandika amri. Mashine huisoma, nayo hutujibu kwa maandishi. Mafundi wa kompyuta walifanya hivyo hivyo kabla kompyuta hazijawa na picha za kubonyeza. Mtu aliandika amri kwa herufi, na jibu likaja kwa herufi. Ile sehemu ya kompyuta inayopokea amri ikaitwa ganda. Aliyeipa jina hilo ni Mfaransa mmoja, Louis Pouzin, katika miaka ya 1960. Jina ni zuri, na watu wa Usukuma watalielewa upesi, maana sisi tunalima karanga. Mkono hushika ganda, na punje imo ndani. Vivyo hivyo mtu hasemi na kiini cha mashine. Husema na ganda, nalo ganda hupeleka habari ndani.

Mafundi hawajaliacha ganda hilo hata leo. Mwaka 1989 Mmarekani aitwaye Brian Fox alitoa ganda lililoitwa Bash, nalo lingali likitumika katika kompyuta nyingi sana duniani. Wanalipenda kwa sababu hulitengeneza lipatane na mkono wa mwenyewe. Amri ndefu hupewa jina fupi. Majina hayo huandikwa katika faili moja, na kila ganda lifunguliwapo huisoma faili hiyo kwanza. Kwa hiyo fundi haandiki maneno kumi kila siku; huandika herufi mbili, na mashine yaelewa.

Nasi tutafanya hivyo sasa hivi. Fungueni kitabu cha majina katika simu, pale mnapohifadhi namba za ndugu. Ongezeni jina jipya, PESA. Mahali pa namba andikeni *150*00# ikiwa laini yenu ni ya Vodacom, au *150*60# kwa Airtel, au *150*88# kwa Halotel. Wenye laini ya Yas wataandika *150*01#. Laini hiyo iliitwa Tigo mpaka mwaka 2024. Jina lilibadilika, namba ikabaki. Hifadhini. Tangu leo mtatafuta PESA na kupiga, kama mnavyompigia mjomba.

(Hapa kiongozi wa darasa awape wanafunzi muda wa kuandika.)

Onyo moja kabla hatujaendelea. Msiandike namba ya siri katika kitabu hicho, wala chini ya jina la PESA wala chini ya jina la kificho. Mwizi akiichukua simu, mahali pa kwanza atakapopekua ni hapo.

Sasa tuje kwenye maudhi, nayo ni mengi.

Udhia wa kwanza ni nyota yenyewe. Katika simu nyingi ndogo, ukikibonyeza kibonye cha nyota mara mbili upesi upesi, hutokea alama ya kujumlisha, +. Bonyeza mara moja, ngoja, tazama kioo, ndipo uendelee. Na kibonye cha reli usikishikilie, kwa maana simu nyingine hunyamaza kabisa ukifanya hivyo, na mwenyewe hushinda siku nzima akilaumu mtandao kwamba hakuna anayempigia.

Udhia wa pili huwapata wenye simu ya laini mbili. Wanaandika namba sawasawa, lakini jibu ni kwamba namba si sahihi. Sababu ni kwamba kila amri ina mtandao wake. Amri ya Airtel haijulikani na mashine za Vodacom. Simu ikiuliza laini ya kwanza au ya pili, soma jina la mtandao kabla ya kuchagua.

Udhia wa tatu ndio unaowasumbua zaidi wasomaji wapya, nami nataka tukae hapo kidogo. Umefika katikati, unasoma polepole herufi kwa herufi, na ghafula kioo kinafungwa. Wengi huona aibu, wakidhani wameharibu kitu. Hawakuharibu kitu chochote. Maneno yale hayakai ndani ya simu yako; yako katika mashine ya kampuni, mbali, nayo hukufungulia njia kwa muda mfupi tu. Ukichelewa kujibu, njia hufungwa. Njia hiyo si intaneti, ndiyo maana simu ya bei ndogo bila bando huweza kuitumia. Dawa yake ni kuandika kwanza katika daftari: namba ya mpokeaji, kisha kiasi cha fedha kwa tarakimu. Ukishakuwa na mambo hayo mawili mbele yako, huhitaji kufikiri wakati mashine inakungoja. Na njia ikifungwa kabla hujaweka namba ya siri, hakuna fedha iliyokwenda, anza tena. Ikifungwa baada ya kuiweka, usirudie kutuma. Tazama salio kwanza.

Tena njia hiyo ni nyembamba. Ujumbe mmoja hauwezi kuzidi herufi 182, kwa hiyo maneno hukatwa. "Na." ni namba. "Kumb." ni kumbukumbu. Someni pia maneno haya matatu, nayo yaandikwe ubaoni: salio, thibitisha, ghairi. Salio ni fedha iliyobaki. Thibitisha maana yake "ndiyo, fanya". Ghairi maana yake "acha". Mwanafunzi asiyetofautisha haya mawili ya mwisho asitume fedha peke yake bado.

Ikiwa simu yenyewe husema Kiingereza, ingieni katika mipangilio mkatafute lugha. Simu nyingi zinazouzwa hapa zina Kiswahili. Lakini kabla ya kubadili, andikeni katika daftari mlipita wapi na mlibonyeza mara ngapi, ili mkipotea mweze kurudi.

Sasa mwisho wa kutuma. Kabla fedha haijatumwa, mashine huonyesha jina la mpokeaji. Watu hulipita jina hilo kama mtu apitavyo kisiki njiani. Ndugu zangu, lisomeni, herufi kwa herufi. Ikiwa mlitaka kumtumia mama na jina lililotokea silo lake, ghairini. Na mkipata ujumbe usemao "ile hela tuma kwenye namba hii," msitume. Mpigieni ndugu yenu kwa namba yake ya siku zote mkamwulize. Ujumbe wa namna hiyo wa kitapeli hupelekwa kwa namba 15040.

Tangu tarehe 1 Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole. Kwa hiyo andikeni *106# mtazame laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Mkiona namba msiyoijua, nendeni ofisi ya kampuni mkaifungishe, maana aitumiaye huitumia kwa jina lenu.

Kazi ya nyumbani. Kila mmoja atatazama salio lake mwenyewe, bila kumpa mtu simu, naye ataandika katika daftari kila neno aliloliona kwenye kioo, hata yale asiyoyaelewa. Salio lenyewe msiliandike. Hilo ni siri yenu. Juma lijalo tutasoma risiti ya wakala. Kwaherini.